Kwa nini wanataka na vumbi la nyumba yangu?

SWALI: Papa, jambo. Ninakaa Ruashi, na baba ya watoto ni mchimbaji. Juma lililopita walikuja watu watano kutoka universite: daktari, mama mmoja wa kilimo, wawili wa laboratwari na kijana mwenye karatasi za maswali. Waliomba mkojo wa mtoto wangu wa miaka minne. Walitaka pia kufagia vumbi chini ya kitanda walitie mfukoni, na kukata lengalenga (mchicha) bustanini mwangu. Mume wangu aliwafukuza, akasema watu hawa wanakwenda kuuza mkojo Ulaya. Daktari na mtu wa mboga wanatembeaje pamoja? Niwaite warudi?
Mama K., Ruashi, Lubumbashi

JIBU: Waite, mama. Lakini waite kwa sharti, nitalitaja.

Nilifanya kazi ya laboratwari miaka kumi na tisa, na vikopo vya mkojo nilivyopokea siwezi kuvihesabu. Watu hao wanatafuta madini ya mgodini yaliyoingia mwilini mwa mtoto. Kobalti, madini yanayochimbwa huku kwetu, ikiingia mwilini, sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, kwa hiyo mkojo wa leo unasema habari za juma hili. Risasi, ile madini ya plomb, haina tabia hiyo. Yenyewe hupimwa kwenye damu, na hujificha mifupani miaka mingi. Wakiomba na damu kidogo, usishtuke.

Sasa, kikopo kinasema madini yameingia, ila hakisemi yamepita mlango gani. Ni hewa? Maji ya kisima? Unga wa bukari (ugali) ulioanikwa kando ya barabara ya malori? Vidole vya mtoto anayecheza chini kisha anavipeleka mdomoni? Daktari peke yake hawezi kujua. Mama wa kilimo atachukua lengalenga zako, nusu ataziosha, nusu ataziacha na vumbi lake, zote zipimwe. Zilizooshwa zikiwa bado na madini mengi, basi mmea umeyanywa kutoka udongoni. Zikiwa safi, ni vumbi lililotua juu ya majani, na hilo unaweza kulitoa kwa maji. Ona tofauti ilivyo kubwa kwako: huku unahama bustani, huku unaongeza beseni moja la maji.

Na kijana wa maswali usimdharau. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Lubumbashi, watafiti wa Chuo Kikuu chetu wakiwa pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na wengine 108 wasio nazo. Walipima madini, ndiyo, lakini kilichojitokeza kwa nguvu zaidi kilitoka kwenye karatasi ya maswali: kasoro zilikuwa nyingi zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya mgodini. Sikuambii hili ili ukose usingizi. Wachimbaji wengi wamezaa watoto wenye afya. Ninakuambia ili mume wako akiulizwa kazi yake, ajibu kweli.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, utafiti wa mkojo wa watu 351 wa Katanga ulionyesha kwamba waliokaa karibu na migodi walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa popote kwa wananchi wa kawaida. Vikopo vile vilipimiwa Ubelgiji kweli. Mwambie baba ya watoto hapo hakukosea: mkojo ulisafiri. Ulifuata mashine, haukufuata soko.

Lakini hasira yake ninaielewa. Niliwahi kutumwa na kikundi kimoja cha watafiti kukusanya vikopo kijijini. Walipata walichotaka, hawakurudi tena. Miaka miwili mama mmoja alikuwa akinikamata sokoni: «Mkojo wa mtoto wangu ulisema nini?» Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikimwona kwa mbali moyo unauma. Kwa hiyo sharti ni hili: karatasi ya kukubali waisome kwa Kiswahili mbele yenu wote wawili, waache jina na namba ya mkubwa wao, na waahidi siku ya kukuletea majibu ya mtoto wako mwenyewe, si ya kijiji kizima. Wakikataa, mume wako amewafukuza kwa haki.

Wakati unangoja, usifagie nyumba kavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Nguo za mgodi zivuliwe nje, zifuliwe mbali na za watoto. Mikono ioshwe kabla ya bukari. Na kama unakula pemba, ule udongo wa kutafuna, acha, hasa ukiwa na mimba. Udongo wa huku una madini.

Siku wakirudi, muoshe mtoto mikono kwa sabuni na umvue suruali kabisa, maana chembe ndogo ya vumbi ikidondoka kikoponi inaharibu hesabu yote. Laboratwari nyingi huviosha vikopo kwa tindikali kwa sababu hiyo. Kifuniko usikiweke chini hata mara moja. Kishike mkononi mpaka mtoto amalize.