Mtumbwi Mabegani: Mlioniuliza Kuhusu Minnesota

Toleo lililopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba nikiwa chuoni nilifanya kazi viangazi viwili kwa familia inayokodisha mitumbwi kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Mstari mmoja! Nimeandika kurasa nzima kuhusu kodi za nyumba na hakuna aliyenijibu, lakini mtumbwi umeniletea barua hadi nimeshindwa kuzijibu zote. Nimechagua nne.

Dada, hujambo. Mwanangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Amepata kazi ya miezi mitatu mjini Ely, kwa familia inayokodisha mitumbwi kwa watu wanaokwenda porini. Babake anasema hakuna kazi kama hiyo, ni matapeli. Mimi naogopa dubu. — Mama, Umoja

Sijambo, Mama. Kazi hiyo ipo, na mji huo upo. Ely una watu kama 3,000, hawajazi hata kona moja ya Umoja. Ukitoka mjini unaingia pori la maziwa liitwalo Boundary Waters, linalopakana na Kanada. Lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 4,400, zaidi ya mara sita ya Kaunti ya Nairobi, na maziwa zaidi ya 1,000. Sheria ya mwaka 1964 ililifanya hifadhi, na leo injini haziruhusiwi isipokuwa kwenye maziwa machache. Anayetaka kuingia anapiga kafi. Sasa mtu wa Chicago anayeishi ghorofa ya tisa mtumbwi atauweka wapi? Anakodisha. Mtumbwi, hema, sufuria, begi la kulalia, chakula cha siku tano, hata kibali cha kuingia, maana kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 vibali vya kulala porini vina idadi maalum kwa kila lango. Riziki ya familia hizo imo humo.

Kazi ya mwanao itakuwa upande wa nyuma wa hayo yote. Sisi tuliamka saa kumi alfajiri kuwapikia wageni wanaoondoka, tukapakia mitumbwi kwenye trela, mmoja akawaendesha hadi ziwani. Waliobaki wanawapokea wanaorudi: mahema yanaanikwa kabla hayajaota kuvu, sufuria zinasuguliwa masizi, mabegi ya kulalia yanatundikwa kwenye kamba, mtumbwi uliokwaruzwa unazibwa. Mchana ni kufunga vyakula. Makopo na chupa za vyakula na vinywaji haviruhusiwi kuingia porini, kwa hiyo kila kitu kinahamishiwa mifukoni: unga wa chapati zao nene, siagi ya karanga, soseji kavu, kahawa. Wiki yangu ya kwanza nilifunga begi la watu sita vizuri sana, nikaiacha kahawa juu ya meza. Waliporudi baada ya siku tano, yule baba alinipa mkono kimya kimya, kama wa matanga.

Baba naye asidharauliwe, matapeli wapo. Mwanafunzi huenda kwa viza ya J-1, mpango uitwao Summer Work Travel, usiozidi miezi minne na unaofanyika wakati wa likizo ndefu ya chuo chake. Lazima kuwe na shirika la udhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na ndilo linalotoa fomu ya DS-2019, ile ya kuombea viza hiyo. Orodha ya mashirika hayo iko wazi kwenye tovuti ya wizara. Jina la shirika linalodai kumdhamini mwanao likikosekana humo, Baba ameshinda, usitume hata shilingi.

Likiwemo, bado kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, nami ndilo ningetaka muulize. Hiyo ni biashara ya familia. Bosi ndiye anayekupakulia viazi. Mzee wetu alikuwa na miaka sabini na kitu na wajukuu wake walimwita kwa jina lake, hivi hivi, bila hata "babu". Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mzee, akaniuliza maana yake, na kufikia Julai barua zake zilikuwa zinakuja zimeandikwa Mzee juu ya bahasha. Nilipendwa pale, sitadanganya. Lakini mwezi Juni jua la huko linazama saa tatu usiku na dakika zake. Sisi tuliozoea giza la saa moja hatujui tulale saa ngapi, na mwajiri naye hajui akuachilie saa ngapi. Baada ya chakula mama mwenye nyumba anasema, "Hebu tumalizie yale mahema." Utamwambiaje hapana, na kijiko chake bado umekishika? Mwaka wa kwanza saa hizo za jioni hazikuandikwa popote, na kodi ya kitanda ilikatwa kila wiki bila kusahauliwa. Mwaka wa pili nilibeba daftari dogo la buluu, nikawa naandika saa ya kuanza na ya kumaliza mbele yao, mezani. Mzee alilitazama siku mbili, siku ya tatu akaanza kuniuliza, "Umeandika?" Na akalipa. Mwanao aulize sasa hivi, kwa maandishi: saa ngapi kwa wiki, kitanda ni dola ngapi, chakula kimo au hakimo.

Dubu? Ni dubu mweusi, na anachotafuta ni chakula. Porini chakula huning'inizwa mtini au hufungiwa kwenye pipa asiloweza kulifungua. Kwa viangazi viwili nilimwona mara mbili, mara moja akiwa kwenye taka zetu, akatukimbia. Ogopa kupe, Mama. Wadogo kama mbegu ya ufuta, na wanaambukiza ugonjwa uitwao Lyme. Ajikague kila jioni, nyuma ya magoti na kwapani. Mbu ni wengi kupita maelezo, ila malaria hawana.

Nina kilo 52, sijui kuogelea, na mkataba unasema nitabeba mitumbwi. Nikatae? — Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Usikatae, mdogo wangu, lakini kuogelea anza wiki hii. Mimi niliondoka Nairobi nikiwa nimepanda chombo cha majini mara moja tu, mashua ya Uhuru Park, na nilishika ukingo muda wote. Maziwa ya huko huachiwa na barafu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Maji ya Mei yanakata pumzi hata ya anayejua kuogelea. Jaketi la kuokoa maisha ulivae na ulifunge vifungo vyote. Wageni watakucheka wakiwa wamekalia yao.

Kuhusu uzito: mitumbwi ya siku hizi ya kevlar, nyuzi nyepesi lakini imara, ina kilo kama 19, haifiki mtungi wa maji wa lita 20. Umeshawahi kupandisha mtungi ngazi siku maji yamepotea? Basi. Ile ya alumini ndiyo inafika kilo 30 na zaidi. Ujanja ni namna ya kuuinua. Unasimama ubavuni, katikati, unaushika ukingo ulio karibu na kuuvuta hadi ukae mapajani. Mkono mmoja unavuka kushika ukingo wa pili. Kisha goti linasukuma, mwili unageuka, na mtumbwi unapinduka juu yako hadi nira, ule ubao wa katikati uliochongwa kupokea shingo, itue mabegani. Mara yangu ya kwanza niligeuka mimi, mtumbwi ukabaki.

Ukishauvaa, dunia inakuwa ndogo: viatu vyako, mizizi, na kipande cha njia cha ukubwa wa mkeka. Mikono yote miwili iko juu. Mbu wanajua hilo, wanaingia nawe humo ndani kama abiria wa matatu ya mwisho. Njia hizo za kuvuka kutoka ziwa hadi ziwa huitwa poteji na hupimwa kwa rodi, mita tano hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Rodi 80 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa Nyayo, ila uwanja wa Nyayo hauna matope wala mawe.

Kitakachokutoa jasho ni begi la chakula siku ya kwanza. Hilo mwachie mwenye kilo 80. Na kevlar haipendi jiwe: usiiburute ufukoni, shuka majini ikiwa bado inaelea. Viatu vyako havitakauka hadi Agosti.

Nibebe nguo gani? — Msomaji, Ngara

Nenda Toi au Gikomba kabla hujaingia duka lolote. Sweta mbili za sufi, koti la mvua lenye kofia, suruali nyepesi inayokauka haraka, soksi za sufi nyingi. Jinzi iache kwenu, ikilowa inabaki imelowa. Chukua pia wavu wa kichwa, kwa sababu mwishoni mwa Mei na Juni kuna visubi wanaong'ata nyuma ya masikio hadi damu itoke. Unga wa ugali usihangaike nao, wa njano wa huko unasongeka ukiuvumilia.

Kwa nini biashara hii tusiifanye hapa, Naivasha? Nina shamba karibu na ziwa. — Mkazi wa South B

Kaka, maji ya Minnesota hayana kiboko. Ndiyo maana Mzee aliweza kumpa mtu asiyemjua mtumbwi na ramani, akamwambia "tuonane Jumamosi", kisha akaenda kulala. Naivasha unakodisha maji yenye wenyewe, kwa hiyo kila mtumbwi utahitaji mwongozaji, na hesabu yako inabadilika kabisa. Sagana, kwenye Mto Tana, tayari wapo watu wanaopeleka wageni kwenye maporomoko, kawatembelee uone wanavyowalipa waongozaji wao. Ukishindwa kuacha Naivasha, anza na wavuvi: waulize wanapita wapi alfajiri, na wapi hawapiti kabisa.