Re: Mti wa maua wa kuita ndege, kiwanja cha mteremko hapa Bukavu

Mama, umeuliza upande mti gani wa asili huko Ibanda, sehemu ya mji wa Bukavu, utakaoleta ndege, na kama uanze na mbegu au tawi. Mimi bila kusita nasema mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica. Ni mti wa huku kwetu kabisa, haukuletwa kama mkaratusi. Mara nyingi huchanua majani yakiwa yamepukutika, kwa hiyo yale maua mekundu yanaonekana toka mbali, na ndege wadogo waitwao chozi wanakuja kufyonza utamu wake. Nyuki pia.

Chukua tawi, utapata mti mapema kuliko kwa mbegu. Kata lililokomaa, nene kama mkono, ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu. Liache kivulini siku chache mpaka jeraha likauke. Ukilichomeka bichi kwenye udongo wetu uliolowa, huoza. Panda Septemba mvua zinapoanza. Ukipenda mbegu, kwaruza ganda kidogo, loweka usiku mzima.

Mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni, hivyo maharage yako jirani hayatadhurika. Lakini usiutegemee peke yake kuzuia mmomonyoko. Panda matete pia, kwa mistari inayokingama mteremko.

Tafadhali sana, watoto! Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinavutia kama shanga, na zina sumu. Ziokote zikianguka. Shina nalo lina miiba, liweke mbali na njia ya kupitia.