Mshipi wa kusuka kwa kurambaza: rangi gani, paundi ngapi

Vijana wanaoanza kazi kwenye boti za rodi, huku kwetu Watamu na kule Shimoni, pwani ya Kenya, wakitaka mshipi wa kusuka (uzi wa kuvulia uliosukwa kwa nyuzi nyembamba) wa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, huniuliza kwanza rangi. Nguvu, yaani paundi za uzito ambazo mshipi unabeba kabla ya kukatika, huja baadaye, na mara nyingi huja ikiwa imeshaamuliwa: "Nimechukua wa paundi mia, ule mkubwa." Kwa maoni yangu yote mawili yameanzia pasipofaa. Rangi tunaichagua tukimfikiria samaki, ilhali anayeihitaji ni nahodha na mtu wa tezi, anayeshughulikia rodi nyuma ya boti. Nguvu tunaichagua kwa kukisia uzito wa samaki, ilhali inayoamua ni breki ya rili, ule mkazo unaozuia gurudumu la mshipi lisitoe mshipi ovyo.

Wanaorambaza kwa mkono, kwenye ngalawa au mashua, niwaambie mapema: mshipi huu si wenu. Wa paundi 50 una unene wa milimita 0.36 hivi, sawa na nailoni ya paundi 12. Nguru akikimbia nao umeuzungusha kiganjani, utakata nyama hadi mfupa, na glavu za pamba hazitausaidia mkono. Nailoni nene ndiyo ya mkono.

Turudi kwenye rangi. Chambo chetu cha kurambaza hupita juu juu, mita moja hadi tatu chini ya maji, na rapala za kuzama, vile vyambo bandia vyenye umbo la samaki, hushuka zaidi kidogo. Samaki akitazama juu kutoka chini, mshipi umekatiza mwanga wa jua, na hapo kila mshipi ni mstari mweusi, uwe wa kijani, wa njano au mweupe. Muuzaji atakwambia mwekundu hupotea majini. Ni kweli kwamba mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji, lakini hilo linataka kina. Kwenye mita mbili za maji safi ya kaskazi, mwekundu ni mwekundu vilevile, na hata ukishuka sana hauwi kama kioo, unakuwa mweusi. Usilipe zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Kinachomzuia samaki asiuone mshipi ni kile kipande cha nailoni au flurokaboni (uzi wa plastiki usioonekana kirahisi majini) kilichofungwa kati ya mshipi na chambo. Mwachie mita nne au tano za hicho, na rangi ya mshipi wa kusuka inabaki kuwa shauri lako wewe uliye juu.

Na uliye juu una kazi nayo kubwa. Boti inakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Nyuma kuna mishipi minne: miwili mifupi ndani ya mapovu ya injini, miwili mirefu inayotoka kwenye fito za pembeni. Ndege wanaonekana wakipiga maji upande wa kulia, nahodha anakata kona. Mshipi mrefu wa upande wa kona unalegea, upepo unauinua na kuulaza juu ya ule mfupi, na wakati huohuo rodi moja inapiga kelele. Mtu wa tezi ana sekunde chache za kujua ni upi wa kuvuta na upi wa kupitisha chini. Kama yote minne ni myeupe, atakisia, na akikisia vibaya utaona mafundo ya mshipi wa kusuka, ambayo hayafunguki. Hukatwa tu.

Kwa hiyo mimi huchagua rangi kwa kutazama mshipi utalala juu ya nini. Ile mifupi iko juu ya mapovu meupe, basi iwe ya kijani kilichokolea. Ile mirefu iko juu ya maji ya buluu, basi iwe ya njano. Mweupe juu ya mapovu hauonekani, na kijani juu ya buluu ya mbali hauonekani pia. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo asubuhi unapotoka jua liko usoni na maji yote yanang'aa. Njano ndiyo iliyonishinda kuiacha kwa saa hizo. Rangi ya chungwa nayo ni nzuri, hasa jioni, ila hupauka haraka. Ukiona mshipi umepauka usidhani umeoza. Uzi wenyewe ni wa polithini, na polithini haishiki rangi, kwa hiyo rangi imepakwa juu tu. Itatoka na kubaki kwenye vidole vyako, na nguvu iko palepale.

Kuna na ile mishipi inayobadilika rangi kila mita 10. Iliundwa zaidi kwa wanaoshusha chambo wima, lakini kwenye kurambaza ina faida moja ninayoipenda sana: samaki akipiga wakati rangi ya nne iko mdomoni mwa rodi, ukimaliza kumpandisha unarudisha chambo mpaka rangi ileile. Hukisii umbali. Kwa boti inayobadilisha mabaharia mara kwa mara, ningenunua huo kabla ya mwingine wowote.

Sasa nguvu. Shika mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoana na saa, funga ncha ya mshipi juu yake, mtu mmoja aishike chini na wewe uinue rodi kama unapigana na samaki. Vuta taratibu mpaka rili ianze kutoa mshipi, kisha soma kilo. Hiyo ndiyo breki yako ya kweli, na wengi wakiipima mara ya kwanza hushangaa, kwani waliyodhani ni kilo kumi ni nne. Breki ya kupokea pigo la kwanza iwe robo ya nguvu ya mshipi, na isizidi theluthi. Paundi 50 ni kilo 22 na kitu. Robo yake ni kilo tano na nusu. Kilo tano na nusu zinamchosha nguru yeyote wa kawaida, kolekole, sehewa, fulusi, hata sulisuli wa bahari yetu ukiwa na mshipi wa kutosha kwenye rili. Ukitaka kujua nguvu ya kununua, anza na breki ambayo rodi yako na mgongo wako vinaweza kuibeba, zidisha kwa nne, hapo ndipo pa kununua. Paundi mia kwenye rodi ya paundi 30 haikupi chochote. Rodi itavunjika kabla mshipi haujasikia.

Ushauri wangu kwa boti moja inayochukua kila kitakachokuja ni paundi 50 kwa rodi za pembeni na 80 kwa rodi za tezi. Ukifuata jodari wakubwa, Agosti hadi Oktoba, weka 80 kote. Nduwaro ni habari nyingine, anataka 130 na rodi yake, na boti iliyojiandaa kwa hilo.

Utaniuliza mbona nisitumie 30 kwa nguru wa kilo nane, kwa kuwa hesabu inakubali. Sababu ni rili. Mshipi mwembamba ukivutwa kwa nguvu huchimba kati ya mizunguko iliyo chini yake na kujibana humo. Samaki akigeuka na kukimbia mara ya pili, mshipi hautoki, na unakatika breki ikiwa haijafanya kazi. Wa 50 ni mnene kidogo, haujibani kirahisi. Hata hivyo ujaze rili kwa mkazo, mtu akiubana mshipi kwa kitambaa kibichi, na chini kabisa anza na mita chache za nailoni, la sivyo furushi zima litazunguka juu ya rili bila kushika.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni kwamba mshipi wa kusuka haunyumbuki. Nailoni hunyumbuka na kumeza pigo; huu hupeleka pigo lote kwenye ndoana. Boti inakwenda mbele, samaki anakuja kwa kasi yake, ndoana inapasua mdomo na samaki huyo ameondoka. Kwa hiyo mbele ya mshipi wa kusuka funga mita 30 au 50 za nailoni ya nguvu ileile, ndipo uweke kipande cha mwisho. Fundo la kuunganisha liwe lile la kusokota liitwalo FG, jembamba linalopita kwenye pete za rodi bila kukwama, na ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Polithini haivumilii joto, na fundo likikazwa kavu linajiunguza lenyewe. Kwa nguru na mzia malizia na waya, kwa sababu meno yao hayajali paundi.

Hicho kipande cha mwisho kiwe na nguvu ndogo kuliko mshipi. Chambo kikinasa kwenye mwamba, unataka kikatike karibu na chambo, si karibu na boti. Mita mia mbili za mshipi wa kusuka zikibaki juu ya matumbawe hazitaoza, zitawanasa kasa na kujizungusha kwenye panga za injini za wenzako. Ukikata mshipi kwa sababu yoyote, uingize kwenye mfuko urudi nao nchi kavu.

Mshipi ukikatika, usitupe ncha kabla ya kuitazama. Ncha iliyokatwa sawasawa kama kwa wembe ni jino; ongeza waya. Ncha yenye manyoya marefu yasiyolingana imesuguliwa, labda mwambani, labda kwenye pete ya rodi iliyopasuka. Pitisha pamba ndani ya kila pete, ikinasa nyuzi umeshapata mwizi. Ncha ya nailoni iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ni fundo lililoteleza, na hapo mshipi hauna kosa lolote.

Mkifika pwani, umwagieni maji baridi mengi. Uzi haunywi maji, lakini msuko hushika chumvi na chembe za mchanga ambazo husaga kutoka ndani. Kila baada ya safari vuta mita kumi za mwisho kati ya vidole, polepole; ukihisi manyoya kata hapo na ufunge upya, kwa mkasi mkali maana koleo la kawaida hutafuna tu. Msimu ukiisha, geuza mshipi mzima, ule wa ndani ya rili uje mbele. Haujawahi kuona jua wala mwamba, na utakufanyia kazi msimu mwingine.