Kuwinda elki kwenye mashamba ya Montana: jibu kwa aliyeuliza kama nyama ni ya bure

Mkuu, umeuliza hivi: una miezi minane Missoula, huku jimbo la Montana, Marekani, mfugaji unayemfanyia kibarua kakwambia elki wanammalizia lusini, yale majani anayolimia ng'ombe wake, njoo na bunduki, utakachopiga utabeba. Unataka kujua kama ni kweli na kama ni bure.

Kweli ni kweli. Bure, hapana.

Kwa mlioko nyumbani, elki ni mnyama wa jamii ya ayala. Jike lake lina kama kilo 225, ni kusema mwili wa kuro dume. Wanatembea makundi, wakati mwingine mia na zaidi. Kundi likishuka usiku kwenye lusini iliyomwagiliwa vizuri, asubuhi utadhani kulikuwa na mnada wa ng'ombe hapo. Wanakula, wanakanyaga, wanalalia, na seng'enge wanaikata wakipita. Theluji ikizidi wanahamia kwenye marobota ya majani makavu ambayo mfugaji kawawekea ng'ombe wake. Na Montana haina kifuta jasho kama kile cha kwetu: mazao yakiliwa, serikali ya jimbo haimlipi mtu. Idara ya wanyamapori, FWP, humsaidia kwa uzio wa kuzungushia marobota, kwa vifaa vya kufukuzia, na kwa kumletea wawindaji. Tena msaada huo anapewa yule tu anayewaruhusu watu wa kawaida kuwinda kwake msimu ukifika. Aliyefunga geti mwaka mzima ajitegemee.

Kwa hiyo mzee wako hana mamlaka ya kukugawia elki. Shamba ni lake, mnyama ni wa jimbo. Ruhusa yake unaihitaji, lakini ukipiga kwa maneno yake peke yake wewe ni jangili, na askari wa wanyamapori hawatamtafuta yeye.

Njia ni mbili. Kuna orodha ya FWP unayojiandikisha mtandaoni wakati wa kiangazi. Kompyuta inayachanganya majina kama bahati nasibu, shamba likilemewa wanapiga simu kwa kufuata foleni. Uwindaji huo unaweza kuitishwa wakati wowote kati ya Agosti 15 na Februari 15, na simu ikija ujue umepewa siku chache, si wiki ya kutafakari. Njia ya pili ni ile misimu ya nyongeza, kabla na baada ya msimu mkuu, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya majike kwenye mashamba ya watu binafsi. Hapo unabisha hodi mwenyewe.

Kote unahitaji leseni. Umeshavuka siku 180 za ukazi, hilo limekuokoa sana, maana mgeni kutoka nje ya jimbo leseni yake ya elki na samaki ni zaidi ya dola 1,000. Kama umezaliwa baada ya Januari 1, 1985, chukua kwanza kozi ya uwindaji salama. Koti la rangi ya chungwa kali ni lazima, inchi 400 za mraba juu ya kiuno. Kuhusu bunduki: mwenye hadhi ya ukimbizi au grini kadi sheria ya shirikisho haimzuii kwa sababu ya uraia. Mwenye viza ya muda aongee na mwanasheria kabla hata ya kuishika.

Sasa yangu. Nimekulia Rufiji, nimelala kwenye dungu nikilinda mpunga, napigia nguruwe debe mpaka sauti inakauka. Nilipoitwa mara ya kwanza kwenye bonde la Bitterroot, mwezi wa nane, nilijiona mzoefu. Wapi! Elki wanajua saa kuliko sisi. Sheria inakupa nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, wao wanaingia giza likishatanda na kutoka alfajiri kwenda kwa jirani asiyeruhusu uwindaji. Unabaki na dakika kama ishirini hivi. Siku mbili za kwanza niliwaangalia tu wakiruka seng'enge ya jirani, wananigeuzia makalio.

Siku ya tatu nikapata jike, jioni. Nikafurahi, nikapiga picha, nikawapigia watu simu. Kosa. Jua lilikuwa limezama lakini joto lipo, na ngozi ya elki ni blanketi. Nilipofika kwenye paja la chini, nyama iliyoshika mfupa ilikuwa imeanza kunuka. Paja zima likaenda, na kwa sheria za huku kuacha nyama iharibike ni kosa, achilia mbali aibu mbele ya mwenye shamba aliyekuja na trekta kunisaidia. Hakusema kitu. Aliangalia tu.

Tangu hapo: mnyama akianguka, weka tagi, ile lebo ya leseni yako, toa matumbo, chuna papo hapo, kata mapande manne, tia kwenye mifuko ya kitambaa, kivulini, barafu iwe tayari garini. Kwa Waislamu wenzangu, mimi hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na nikimkuta yu hai namchinja. Nyama safi huwa kama kilo 80. Usiuze hata kipande, ni marufuku. Gawa.

Lakini jambo ambalo wengi hawalielewi ni hili: mwenye shamba hakukuitia nyama. Mwaka juzi tuliitwa wanne, tukaua mmoja tu, na yule mzee alishukuru kuliko mwaka tuliobeba watatu. Sababu? Tulikuwa pale kila alfajiri na kila jioni kwa siku tano, kundi likaona pale hapakaliki, likapanda mlimani kwenye ardhi ya umma. Ni kazi ileile ya dungu, tofauti ni kwamba huku unaifanya na leseni mfukoni. Anayekuja kulenga pembe atachukia: tagi nyingi za kazi hii ni za jike.

Adabu zake ni ndogo ndogo. Geti uliache ulivyolikuta. Usikanyage lusini mbichi kwa gari. Usifyatulie kundi lililobanana, risasi ikimtoka mmoja inampata wa nyuma. Na angalia mitambo ya umwagiliaji, ile mirefu yenye magurudumu. Jamaa mmoja aliitoboa bomba na hakuitwa tena.

Jina lako likitoka kwenye orodha, niandikie pembeni. Visu ninavyo, masanduku ya barafu ninayo mawili. Maini tutagawana.