Laini imezimwa lakini stima bado imo

Kaka, umeuliza vipi fundi apigwe na stima na laini ishazimwa pande zote mbili, swichi zimepigwa kufuli. Yawezekana sana, na si lazima kuna mtu kairudisha. Ukipita kule Rabai, karibu na Mombasa, utaona zile laini kubwa zaenda sambamba, moja ikizimwa jirani yake bado yabeba 132kV au 220kV (kV moja ni volti elfu moja), na stima yake yageuka mizunguko 50 kila sekunde, sasa huko kugeuka kwatia msukumo wa stima kwenye waya uliozimwa bila kugusana kabisa, kwa sehemu ni kazi ile ile ya transfoma. Waya ukiachwa hewani bila athi, yaani waya wa kuuunganisha na ardhi, waweza kujaa maelfu ya volti. Ukifunga athi volti yashuka, lakini ukifunga pande mbili mkondo waanza kuzunguka kupitia ardhini, na moyo wa binadamu hata ampia 0.1 yatosha kuuvuruga mdundo wake.

Hatari kubwa ni pale unapotoa klempu, kile kibanio cha athi. Ikiachia tu, cheche yaruka, na kama mkono mmoja uko kwa waya na mwingine kwa mlingoti basi njia ya stima ni kifua chako. Kwa hivyo pima kwanza, funga upande wa ardhi kabla ya waya, wakati wa kutoa anza na waya, na athi iwekwe pale pale unapofanyia kazi, sio kule stesheni ya stima pekee. Glavu peke yake usizitegemee, tafadhali sana.