Barua kwa mwanangu: sigiri na neno "moto"

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu,

Swali lako nimelipata: ile programu ya simu inayokujibu maswali huko Makerere, inajua "moto" ni nini, au inalitaja tu? Mama yako alicheka, akasema, "Ajiulize yeye aliyeungua."

Ulikuwa na mwaka na nusu. Neno tayari ulikuwa nalo, tena ukilipenda. Kikombe chekundu kwako kilikuwa moto, kanga nyekundu moto, hata jogoo wa jirani. Tulikuwa tukikukemea "moto!" kila ukisogelea sigiri, na sigiri ikikolea ni nyekundu, basi ukapiga hesabu zako. Siku moja mama yako ameinamia maharagwe, wewe ukaweka kiganja. Kovu unalo hadi leo, chini ya kidole gumba. Tangu jioni ile kikombe kikarudi kuwa kikombe.

Mtaalamu mmoja wa sayansi ya akili, Stevan Harnad, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1990. Mfano wake ni huu: hebu jifunze Kichina kwa kamusi ya Kichina kwa Kichina, nawe hujui hata neno moja. Alama inakutuma kwa alama nyingine, nayo inakutuma mbele, unazunguka mpaka unachoka. Lazima maneno machache uyapate kwa macho na mikono, mengine yakope kwa hayo.

Kukopa si aibu. Mimi nasema "theluji" na sijaigusa. Ile ya milima ya Rwenzori, juu kwenye mita 5,109, siifikii kwa magoti haya. Ila barafu ya samaki nimeshika sokoni hadi vidole vikafa ganzi, na pamba nimechuma tangu utotoni. Theluji yangu imekopa huko.

Sasa programu iliyolishwa maandishi matupu naiona kama mtu mwenye deni kila duka na hajawahi kushika jembe. Inajua "moto" huandamana na moshi, kuni, kuungua. Kwa hilo inanishinda. Wapo wasomi wanaosema kuzijua njia zote kati ya maneno ndiyo maana yenyewe. Siwakubali, ingawa kuwashinda kwa hoja siwezi. Ninachoona ni kwamba ikilikosea neno hilo, hakuna kiganja cha kupakwa asali.

Na ikipewa kamera, na mkono wa chuma unaohisi joto? Hapo sina jibu. Waulize walimu wako, uniandikie.

Mama yako anakusalimu. Sigiri ni ile ile, mguu mmoja umelegea.

Baba yako