Ukiwa na miezi mitatu ya kujifunza, anza na Excel na namna ya kukabidhi kazi

Mleta uzi, umeuliza uanze na ipi kati ya usanifu wa picha, kuandika programu, kozi ya mawasiliano na Excel, kwa kuwa una miezi mitatu na unatafuta kazi ya ofisini. Anza na Excel, na mawasiliano uyajifunze humo humo. Matangazo ya kazi huvitaja kama vitu viwili, ila ofisini vinapimwa kwa swali moja: anayepokea kazi yako anaweza kuendelea nayo bila kukupigia simu?

Wanafunzi wengi wa Excel hukimbilia chati na fomula ndefu, wakati kinachoharibu kazi ni data ilivyoingizwa. Mstari mmoja uwe kitu kimoja: mteja mmoja, au risiti moja. Safu moja (column, inayoshuka chini) iwe aina moja ya taarifa, na vichwa vyote vikae kwenye mstari mmoja wa juu. Usiunganishe seli ili jedwali lipendeze, maana siku ya kupanga data, Excel itakugomea. Usipake kijani waliolipa. Ongeza safu ya "hali" uandike "amelipa", kwa sababu fomula za kawaida za kuhesabu hazisomi rangi.

Namba za simu, akaunti na vitambulisho hazijumlishwi, kwa hiyo zisiingie kama namba. Excel hufuta sifuri ya mwanzo na hutunza tarakimu 15 tu. Kwenye namba ya tarakimu 16, tarakimu ya mwisho itageuka sifuri, na hairudi hata ukibadilisha mpangilio baadaye. Chagua safu, iweke kuwa Text, ndipo ubandike. Tarehe nazo ziandike 2025-04-03, kwani 03/04 wengine wataisoma Aprili na wengine Machi. Tatizo la tarehe si la wanaoanza peke yao: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama SEPT1 kuwa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe.

Kwenye VLOOKUP, fomula inayotafuta jina kwenye jedwali na kukuletea taarifa yake, usiache kuandika FALSE mwishoni. Ukiiacha, Excel hutafuta kinachokaribiana, na inaweza kukuletea salio la mtu mwingine bila onyo lolote. Hilo ndilo kosa baya zaidi kwa sababu halionekani. Ukipata #N/A (yaani haikupatikana) ilhali jina unaliona kwa macho, mara nyingi kuna nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno, TRIM huiondoa. TRIM ikishindwa, huenda nafasi hiyo ilinakiliwa kutoka kwenye tovuti, tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")). Ukishaweza hayo, PivotTable, jedwali la kufupisha na kujumlisha data, haitakusumbua.

Kabla ya kukabidhi, linganisha idadi ya mistari iliyoingia na iliyotoka, kisha linganisha jumla. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya korona viliachwa nje ya taarifa za kila siku kwa sababu data ilipitia faili za zamani za .xls, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili za .xlsx hufika 1,048,576. Kuhesabu mistari huchukua sekunde chache, na ndiko kunakofichua upungufu wa namna hiyo.

Sasa ujumbe unaoandamana na faili. Kichwa cha barua pepe kiseme ni nini na kinahitajika lini: "Mauzo ya Machi: naomba uhakiki kabla ya Alhamisi saa 6 mchana". Ombi liwe sentensi ya kwanza baada ya salamu, maelezo yafuate. Faili iitwe 2025-04-03_mauzo-machi_v2, wala si "mpya ya mwisho kabisa". Ukituma kiungo badala ya kiambatisho, kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Kikikuomba uingie kwenye akaunti, kagua kama mpokeaji amepewa ruhusa. Usifungulie watu wote ili kurahisisha mambo.

Ukikwama, omba msaada kwa kueleza ulichotaka kufanya, ulichobonyeza, maneno ya kosa kama yalivyotokea, na ulichokwisha kujaribu. "Haifanyi kazi" humlazimisha mwenzako aanze kukuhoji. Ukiona utachelewa, sema siku ile ile uliyojua, utaje kilichokamilika, kilichobaki na tarehe mpya. Hapa ndipo watu wenye ujuzi mzuri hupoteza imani ya wakubwa wao: wanasubiri saa ya mwisho wakitumaini mambo yatajipanga. Maelekezo ya mdomo nayo yarudishe kwa maandishi, mistari miwili inatosha, ili kutoelewana kuonekane kabla kazi haijaanza.

Usalama nitaupitia haraka. Nywila ndefu, tofauti kwa kila akaunti, ndani ya programu ya kutunza nywila, na uthibitishaji wa hatua mbili. Barua pepe ikisema mteja amebadilisha akaunti ya benki, piga namba uliyokuwa nayo zamani, usipige ile iliyo kwenye barua hiyo.

Akili bandia itumie kwa rasimu na fomula, lakini ijaribu fomula kwenye mistari mitano ambayo jibu lake unalijua. Mwaka 2023 jaji wa New York alitoza faini ya dola 5,000 baada ya mawakili kuwasilisha kesi zisizokuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Majina na namba za wateja usizibandike humo bila ruhusa ya mwajiri.

Kwa mazoezi, tengeneza orodha chafu ya mistari 300, yenye majina yaliyorudiwa, tarehe za mitindo mchanganyiko na nafasi za ziada. Isafishe, mtumie mtu asiyeijua pamoja na barua pepe moja, usimweleze kitu kingine. Andika kila swali atakalokuuliza, rekebisha faili au barua pepe, kisha mpe mtu mwingine.